Kamera Katika Maharage ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mambo yameiva! Mama mkwe ametangaza mezani: atakayepalilia maharage vizuri ndiye atakayesimamia shamba lote. Ni mimi au shemeji, kila mtu na upande wake. Shemeji ana jembe. Mimi nina kigari chenye kamera na bomba la dawa. Kamera inatambua gugu, bomba linanyunyizia gugu tu, harage haliguswi. Shemeji akauliza kamera itajuaje gugu ni lipi. Nikamjibu itafundishwa kwa picha. Akacheka hadi akapaliwa na chai. Atajuta.

Jumanne, 5 Machi
Siku ya kufundisha. Kompyuta inataka picha nyingi za maharage na nyingi za magugu. Maharage nimepiga picha nayo mimi mwenyewe: nimechuchumaa, nimelala ubavu, nimeweka jani kidevuni. Nikija kuwa maarufu watazitafuta picha hizi, lazima sura ionekane. Magugu nimeyapiga peke yake. Nani apige picha na magugu? Mke wangu, mshika simu, aliuliza kama kompyuta haitachanganyikiwa. Nikamwambia asiniharibie tabasamu.

Jumatano, 6 Machi
Jaribio uani. Kigari kimenyunyizia magugu yote ya ukutani. Nilipopita mbele yake kikafunga bomba papo hapo. Kina adabu! Hapa hakuna maharage, lakini ya nini kupoteza muda? Nimealika majirani waje kesho. Shemeji bado kainama shambani. Namwonea huruma, kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Kilianza na magugu, watu wakapiga makofi. Kisha kikanyunyizia maharage. Upande wangu wote! Nikaruka mbele yake. Kikaacha. Nikasogea pembeni. Kikaendelea. Mke wangu akasema, tena kwa sauti, kwamba kigari kimefundishwa harage ni mume wake. Majirani wakavunjika mbavu. Mama mkwe hakucheka. Alipita kwenye mistari iliyolowa dawa, akishika majani, akaingia ndani. Hapo niliumia kweli. Nyumba nzima inategemea maharage yale.

Jumamosi, 9 Machi
Maharage yangu yamekauka. Upande wa shemeji umestawi, unakera. Yeye amekabidhiwa shamba, mimi nimekabidhiwa jembe. Nilimwomba mama mkwe nipumzike leo. Akasema mimi ndiye harage pekee lililosalia upande ule, siwezi kutoka shambani.

Jumapili, 10 Machi
Nimewaza sana, kosa nimeliona. Picha zilikuwa chache! Na bahati imenijia: mwewe anamaliza vifaranga vya mama mkwe. Kamera itamtambua mwewe, honi italia, heshima yangu itarudi. Ila kwanza lazima ijue kifaranga ni kipi. Mke wangu amekataa katakata kushika simu. Si kitu. Nimeiegemeza kwenye ndoo, nimechana nywele, na kifaranga wa kwanza yuko begani.