Dirisha Lenye Chuchu Tatu

Jumatatu, 7 Juni 1999

Gopal ametupandia ghorofani asubuhi na habari. Chini anauza misumari, mabati na dawa ya kupe. Huku juu kuna chumba kimoja, kompyuta moja na sisi wawili, mimi Nyangate na Esnah. Watu wa Keroka wakitaka barua au ratiba ya mazishi, tunawachapia. Sasa chama cha wafugaji cha Nyansiongo kinataka programu ya kuandikia maziwa ya wanachama. Kila mmoja wetu atengeneze yake. Mwenyekiti wao, Mzee Omwenga, atakuja Jumatatu ijayo kuchagua. Mshindi atabaki huku juu na kompyuta. Mwingine atashuka dukani kupima misumari.

Gopal alisema haya kwa upole, kama anayetangaza bei ya saruji. Kisha akaniangalia mimi. Kwa nini mimi? Nina cheti cha kompyuta kutoka Kisii mjini, chenye muhuri!

Nimeichungulia ya Esnah. Dirisha la kijivu, mraba. Jina hapa, lita pale, basi. Mkulima atasinzia akiitazama. Mimi nimesoma kwamba dirisha la Windows si lazima liwe mraba. Unaipa kompyuta nukta zako, inaziunganisha kwa mistari, kisha inakata kila kilicho nje na kukitupa. Linabaki umbo ulilotaka. Nyota, duara, chochote.

Wafugaji watapata ng'ombe. Dirisha zima ng'ombe, kutoka pembe hadi mkia. Esnah aanze kuzoea misumari.

Jumanne, 8 Juni

Nimeamkia zizini na karatasi ya grafu. Nikamchora Pasaka, ng'ombe wa Mama, akiwa amesimama upande. Hakutulia. Mama aliuliza kama nimeanza biashara ya ngozi. Nikamwambia ni mambo ya kiofisi.

Zamu ya Esnah kwenye kompyuta ni asubuhi, yangu mchana. Nilianza kuingiza nukta baada ya chakula. Nukta za pembe, za nundu, za kwato. Vidole viliuma. Hatimaye nikaiendesha programu. Dirisha likakatika safi kabisa na ng'ombe akatokea.

Chali. Miguu juu hewani, pembe zimechimba chini.

Bathsheba wa kwa fundi cherehani alikuwa amekuja kuchukua ratiba ya mazishi ya mjomba wake. Alimtazama yule ng'ombe kwa muda, akaniambia pole sana, akauliza kama alivimba tumbo kwa kula majani yenye umande. Esnah naye akasema pole. Hakucheka. Angecheka ningejisikia nafuu.

Nimegundua tatizo. Shuleni tulifundishwa kuhesabu kutoka chini kwenda juu. Kompyuta inahesabu kutoka juu kwenda chini. Nani aliamua? Hakuna mtu aliyeniuliza mimi.

Jumatano, 9 Juni

Ng'ombe amesimama! Nimegeuza namba zote. Hata hivyo ana shimo.

Kosa dogo tu. Nilikata kichwa peke yake na kiwiliwili peke yake, kisha nikaiambia kompyuta iviunganishe. Ziko njia kadhaa za kuunganisha, nami nikachagua moja kwa sababu jina lake lilinivutia. Kumbe njia hiyo inatupa mahali vipande vinapolaliana. Kichwa nilikuwa nimekilaza juu ya bega, basi bega zima likatupwa. Na shimo la dirisha ni shimo kweli. Unaona kilicho nyuma.

Nyuma yake kulikuwa na mchezo wa karata. Nilikuwa nimeuacha wazi tangu saa nane.

Gopal alipanda bila kupiga hodi. Alisimama nyuma yangu akimtazama ng'ombe. Akauliza tangu lini ng'ombe wa Kisii wanakula karata. Kisha akashika kipanya, akambonyeza mfalme mwekundu mle mle begani, akamhamisha mahali pake, akashuka. Alikuwa amehamisha vizuri. Mimi nilikuwa sijaiona hiyo.

Ijumaa, 11 Juni

Shimo limezibwa. Jipya ni kwamba dirisha halifungiki. Alama ya kufungia huwa kwenye kona ya juu, na kona ya juu niliikata na kuitupa, maana ng'ombe hana kona. Mara tatu nimelazimika kuizima kompyuta kwa kung'oa waya. Esnah alinitazama nikiung'oa, akarudi kwenye kitabu chake cha masomo ya Sabato.

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na ni wazo kubwa. Chuchu! Kila chuchu ya ng'ombe wangu ina kazi. Bonyeza ya kwanza, unaandika lita. Ya pili inajumlisha. Ya tatu inachapisha. Mkia unafunga programu. Chuchu ya nne haionekani kwa sababu Pasaka alikuwa ameificha nyuma ya mguu. Hainihusu.

Wazo la pili ni la kivita. Esnah ni Msabato wa kweli kweli, hashiki hata kalamu Jumamosi. (Mimi pia ni Msabato, ila nina dharura.) Nilienda kwenye kibanda cha simu karibu na posta, nikampigia Mzee Omwenga, nikapendekeza kwamba badala ya Jumatatu aje kesho asubuhi. Kisha akauliza mimi ni wa kanisa gani. Nikasema Mkatoliki. Akauliza jina. Nikakata.

Jumatatu imebaki Jumatatu. Hakuna hasara.

Jumamosi, 12 Juni

Nilimwambia Mama tumbo linanisokota. Alinipikia uji, akaniita tata, yaani baba, kwa sauti ile ya nilipokuwa mdogo, akaenda kanisani peke yake. Nilijisikia vibaya kidogo mpaka alipopita kona.

Duka la Gopal huwa wazi Jumamosi. Aliniuliza kama leo si siku yetu. Nikamwambia Mungu anaelewa. Akasema yeye hawezi kuingilia mazungumzo yetu, akanipa ufunguo.

Nilikaa na programu ya Esnah kama daktari na mgonjwa. Ndani yake nikapachika mistari michache yangu. Zikipita dakika kumi tangu iwashwe, dirisha litakatwa liwe kupe. Kupe mnene, miguu minane. Mfugaji yeyote akimwona kupe anatafuta dawa. Dakika kumi kwa sababu Esnah huongea polepole, na ikiharibika katikati ya maelezo yake nani atanifikiria mimi?

Kazi ilikuwa moja tu ngumu. Kila dirisha lina namba yake, na namba hiyo hubadilika kila likifunguliwa. Kuitafuta ya Esnah kungenimalizia mchana. Nikaandika tu kwamba likatwe dirisha lililo mbele ya mengine wakati huo. Litakuwa lake. Lingekuwa la nani?

Jioni. Mama amerudi akiwa amefurahi. Alisimama mbele ya kanisa akaomba waumini waliombee tumbo langu. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka Nyansiongo, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, naye aliomba muda mrefu akinitaja kwa jina na mahali pa kazi. Nikauliza anaitwa nani.

Omwenga.

Sasa tumbo linanisokota kweli.

Jumatatu, 14 Juni

Naandika haya kwa ufupi.

Mzee Omwenga alifika na kofia yake na fimbo. Alitusalimia wote kwa mkono. Wangu alichelewa kuuachia. Akauliza tumbo linaendeleaje. Nikasema limepona kwa maombi. Akasema ashukuriwe Mungu, na kwamba sauti yangu inafanana sana na ya Mkatoliki mmoja aliyempigia simu Ijumaa. Gopal aliyekuwa ameegemea mlango akaanza kuchunguza dari.

Esnah akaanza. Nilisubiri maelezo yake marefu ya polepole. Hakueleza chochote! Akaandika jina la mfugaji, lita za asubuhi, lita za jioni, jumla ikatokea, printa ikatoa karatasi. Akasema ni hayo tu, akaniachia kiti. Hata hakuifunga. Dakika kumi hazijafika hata nusu.

Nilijua kulikuwa na jambo la kukumbuka kuhusu hizo dakika. Lakini mwenyekiti alikuwa ananisubiri, nami nilitaka aone. Nikamfungua ng'ombe wangu juu ya lile dirisha la kijivu. Alipendeza. Nasema kweli, alipendeza. Mzee Omwenga alivuta kiti akainama mpaka kofia ikagusa skrini.

Alikuwa anahesabu chuchu.

Akauliza ni nani aliyeniuzia ng'ombe wa chuchu tatu. Nikaeleza kwamba ya nne iko nyuma ya mguu. Akasema huko kwao Nyansiongo, Borabu nzima, hakuna anayenunua chuchu ya kuambiwa. Akataka amwone kwa upande wa pili. Nikasema hana upande wa pili, ni dirisha. Akasema basi ni ng'ombe wa kutiliwa shaka. Tulibishana juu ya chuchu hiyo mpaka nikasahau kabisa saa.

Ndipo pembe zikatoweka. Mkia ukatoweka. Miguu, kiwele, kila kitu. Mbele ya macho ya mwenyekiti wa chama cha wafugaji, ng'ombe wangu akakatika akawa kupe.

Kisha Mzee Omwenga akauliza kwa upole kama huyu ng'ombe huwa anapelekwa dipu kuogeshwa. Gopal akajibu kwamba dawa ipo chini, ya kopo kubwa na ndogo.

Nilitaka kuifunga programu. Inafungwa kwa mkia. Mkia haupo. Mzee alinihurumia, akachukua kipanya mwenyewe, akabonyeza pale mkia ulipokuwa. Na hili ndilo lililoniua. Dirisha likishakatwa, nje ya umbo lake hakuna kitu, mshale wa kipanya unapita moja kwa moja hadi dirisha la nyuma. La nyuma lilikuwa la Esnah. Mahali pa kuandika jina pakaanza kumetameta. Mzee akaandika OMWENGA kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Akaweka lita za asubuhi. Akaweka za jioni. Jumla ikaja.

Akakaa wima, akacheka mara ya kwanza tangu afike. Akamwambia Gopal anaichukua hii ya nyuma, kwa sababu inafanya kazi hata ikiwa na kupe.

Walipoondoka Esnah alifungua programu yake, akaisoma, akaikuta mistari yangu. Nilingojea matusi. Aliifuta mmoja mmoja, akaniambia siku nyingine nisiogope kuitafuta namba ya dirisha. Kisha akaniuliza kama tumbo kweli limepona. Niliona haya hadi masikioni. Nikashuka ngazi mwenyewe kabla Gopal hajaniita.

Jumatano, 16 Juni

Misumari ya mabati, misumari ya mbao, misumari ya viatu. Naijua yote sasa. Juu nasikia printa ya Esnah ikiimba.

Lakini mimi sijakata tamaa. Nimekaa kaunta nikifikiri, na nimeshaelewa kosa langu lilikuwa nini. Mzee Omwenga hakukataa ng'ombe. Alikataa ng'ombe wa chuchu tatu. Angeona nne, leo ningekuwa juu.

Chama kimenunua kwetu mabati ya lango jipya kule Nyansiongo. Ratemo, fundi wa kuchomelea aliye ng'ambo ya barabara, ndiye anayekwenda kulitengeneza kesho. Mwenyekiti atakuwa mkutanoni Nyamira siku nzima. Gopal naye anakwenda Kisii. Nimempa Ratemo nukta zangu zote amkate ng'ombe wa bati, mrefu kuliko mtu, amchomelee katikati ya lango. Zawadi kutoka kwangu. Mzee akirudi atamkuta, atauliza ni kazi ya nani, na nitapandishwa ngazi.

Ratemo ni mzuri lakini ana maswali. Alisema yeye na mafundi wote hupima kuanzia chini kwenda juu. Nikamwambia namba zimeshapangwa na kompyuta, apime anavyopima siku zote, asiongeze akili yake. Baadaye akarudi akauliza kama ng'ombe huyu ni wa kulala chali. Nikamwambia afuate nukta na achomelee kwa nguvu, pande zote, upepo wa Borabu ni mkali.

Chuchu nimezichora upya. Nne, ndefu, zote wazi. Hakuna atakayepita barabara ile asizione.