Rourou ya Kumzuia Vasiti Asiache Kazi

Jumatatu, 4 Machi
Wodi imechoka. Leo Vasiti, muuguzi wetu bora, amelia mbele ya mgonjwa, na mgonjwa ndiye aliyembembeleza! Kaandika barua ya kuacha kazi. Jumamosi anapanda meli ya kwenda Suva, mji mkuu wa Fiji. Sikubali. Nimesoma kwamba chai na maandazi kutwa nzima huchosha akili. Samaki, majani na maharage huituliza. Mimi Apenisa, msimamizi wa zamu, nitamwokoa kwa sufuria.

Jumanne, 5 Machi
Nimepika rourou: majani ya magimbi, tui zito, samaki. Saa sita nikatenga meza. Waliokula: mmoja. Mimi. Wengine wote walimzunguka Litiana, mkunga, na maandazi yake. Kaniita daktari wa majani. Mwanamke hatari!

Jumatano, 6 Machi
Nimeyaficha maandazi kwenye kabati la bandeji. Nikatangaza yamekwisha. Kufika saa nane, sisimizi kabati zima! Matroni kaniamuru nitoe kila bandeji, nioshe kabati mwenyewe. Vasiti kacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi hadi alasiri nikizunguka na daftari, nikikagua nani kala nini. Saa tisa nikamfokea bibi wa watu aliyeuliza tu choo kiko wapi. Aibu! Kisha nikaanguka. Nilipofumbua macho nipo sakafuni, Litiana kanishika kichwa.

“We Api, umekula lini?”

Nikasema jana.

“Jamani, njooni mwone! Mkaguzi wa chakula kaanguka kwa njaa!”

Kanilisha rourou yangu mwenyewe, niliyopika tena asubuhi, na muhogo. Nilimwomba radhi yule bibi. Kaniambia nimalize sahani kwanza. Vasiti akashika usukani: wawili wawili, dakika ishirini, kila mtu akae ale, wengine waangalie wagonjwa. Tukala. Hakuna aliyegomba tena hadi jioni. Hata Litiana aliongeza rourou.

Ijumaa, 8 Machi
Vasiti kaichana barua! Nilitaka kurukaruka. Anasema si majani wala maandazi; wiki tatu hakuwa amekaa chini akala mlo mzima. Maskini, hajui kilichomponya. Ni rourou! Basi nimezifuta zile dakika ishirini, zinapoteza muda bure. Kuanzia Jumatatu, rourou itanywewa kwa kikombe, huku mtu anatembea.