Malkia wa Kopa na Mtazamaji wa Aswan

Bahgat Manzalawi alikuwa na kipaji kimoja tu cha kweli: kumtambua mtu mwenye uchu hata akiwa amempa mgongo. Mwezi wa Shaabani, katika mkahawa mmoja wa Kamp Shezar, Aleksandria, alimtambua Mhandisi Tharwat Qillini kwa kisogo. Kisogo kilikuwa chekundu, mabega yanapanda na kushuka, na mezani mbele yake kulikuwa na kishikwambi alichokuwa akikitukana kwa jina la baba yake.

"Mwenzi gani huyu! Namwonyesha kopa, ananiletea uru! Mungu amlaani aliyemfundisha!"

"Amina," alisema Bahgat, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Ila umlaani na aliyewaweka meza moja, Basha. Simba hafungwi kamba moja na mbuzi."

Mhandisi aligeuka, tayari kumfukuza. Lakini mtu aliyeitwa Basha, yaani bwana mkubwa, na simba juu yake, hafukuzi upesi. Alimwagizia chai.

Mchezo uliokuwa ukimtoa jasho ni briji. Watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja amezificha karata zake, na asiyejua kukisia kichwani ni nani ana nini aende akacheze dhumna. Tangu wakubwa wa klabu kongwe ya jiji wajifunze kuucheza mtandaoni, nyumba nyingi za mtaa wa Rushdi zilipata amani, maana ugomvi wote ulihamia kwenye vioo vya simu. Kila Ramadhani waligombea kombe, mwanachama akiruhusiwa kuleta mwenzi wa nje, na kila Ramadhani Mhandisi Tharwat alilikosa. Mwaka uliopita lilichukuliwa na Firdaus Hanim, yaani Bibi Firdaus, mwenyekiti wa kamati ya briji, pamoja na mwenzi wake wakili Wadie Bishara. Wadie hakuchoka kulitaja, hata kwenye matanga.

"Juzi tunazika," alilalamika Tharwat, "ananinong'oneza, 'Mhandisi, mwaka huu utajaribu tena?' Maiti hajafukiwa!"

"Mwaka huu atanyamaza," alisema Bahgat. "Cheza na mimi."

"Na wewe unataka nini?"

Hapa Bahgat aliinamisha macho, jambo alilokuwa akilifanya vizuri sana. "Mimi? Saini yako tu, Basha. Niwe mwanachama wa klabu."

Tusimcheke. Mjomba wake alikuwa akiuzia jiko la klabu hiyo saladi na figili, na Bahgat aliingia humo utoto wake wote kwa lango la nyuma, akiwa na kikapu kichwani. Lango la mbele, lenye bawabu wa glovu nyeupe, hakuwahi kulivuka hata mara moja. Aliwahi kuwauzia watu viwanja vilivyo chini ya maji, akawaposea wajane wawili mchumba mmoja, na usingizi haukumpotea. Lango lile ndilo lililokuwa likimnyima raha. Wanachama wapya walihitaji saini mbili za wanachama wa zamani, na mpaka siku hiyo hakuwa na hata nusu ya moja.

"Niletee kombe," alisema Tharwat, "saini yangu ni yako. Ya pili utaitafuta mwenyewe, hutaikosa kwa mdomo huo."

Hapo ndipo biashara ilipofungwa. Msomaji atauliza kama Bahgat alijua kucheza briji. Alijua majina ya karata zote.

Hila yenyewe ilikuwa nyepesi mno hata inaona haya kusimuliwa. Mtandaoni mtu yeyote aliruhusiwa kukaa kama mtazamaji, na mtazamaji huonyeshwa karata za wote wanne, kwa kuwa hachezi. Waliopanga hivyo, inaonekana, walilelewa mahali ambapo kila mtu ana simu moja. Bahgat alikuwa nazo mbili. Kwenye moja alikaa mezani kama Bahgat. Kwenye nyingine alikaa kando kama Bi Tulipu wa Aswan, mwenye picha ya ua na mapenzi makubwa ya briji, akiona kila kitu.

Walishinda mechi ya kwanza. Wakashinda ya pili. Tharwat hakuuliza wala hakushangaa. Mtu akianza kushinda uzeeni hudhani ni haki yake iliyocheleweshwa. Bahgat naye angetulia hapo angekuwa salama, lakini alipenda sifa, na kwa kuwa hakuna aliyempa, Bi Tulipu alimpa.

"Mashaallah, Bwana Bahgat ana jicho la mwewe!" aliandika Bi Tulipu mbele ya watazamaji wote. Na mchezo uliofuata: "Sijaona mchezaji kama huyu tangu marehemu mume wangu."

Nusu fainali ilianza alasiri ikakawia. Jua lilikuwa likizama, matumbo yakinguruma kwenye nyumba zote nne, mara mzinga wa futari ukalia na mwadhini akafuatia. Wachezaji waliomba radhi, wakasimamisha mchezo. Bahgat, mwenye kiu ya sigara kuliko ya maji, aliaga kwa heshima. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwigizaji mwaminifu, akamuaga na Bi Tulipu: "Huyo mwadhini wetu, wapenzi. Ngoja nami nifungue kwa tende." Alirudi kwa simu zote mbili, akamaliza kazi, akashinda. Kilichobaki kilikuwa fainali, dhidi ya Firdaus Hanim na Wadie.

Alasiri ya fainali kulikuwa na tangazo la kamati. Kwa heshima ya siku hiyo, watazamaji wangekaa kwenye ukumbi wao wa pekee, ambamo mwamuzi angewapangia karata za kila mchezo kwa mkono wake mwenyewe. Bi Tulipu aliingia ukumbini mapema, akapongeza utaratibu.

Mechi ilikuwa ngumu kwa sababu Firdaus Hanim na Wadie walikuwa wachezaji wa kweli. Mpaka mchezo wa mwisho walikuwa wamekabana koo. Katika mchezo huo Firdaus Hanim ndiye aliyefungua mnada, na kwa kufungua tu alikuwa ametangazia meza nzima kwamba ameshika karata kubwa za kutosha. Hata hivyo Bahgat na Tharwat walimpanda juu kwa juu mpaka mkataba, ile ahadi ya kushinda, ukawa wao, turufu ikiwa kopa. Karata za Tharwat zililazwa wazi mezani, kama desturi, na Bahgat akabaki kuzicheza zake na za mwenzake.

Waliwasiliana kwa simu ya tatu, ya kuazima, iliyoachwa wazi, eti kwa ajili ya kutakiana heri.

"Basi tumelichukua!" Tharwat alihema. "Shida ni malkia wa kopa peke yake. Mtege kwa Firdaus, mambo yaishe."

Bahgat alitupa jicho kwa Bi Tulipu. Ukumbini malkia wa kopa alionekana waziwazi, ametulia katikati ya karata za Wadie.

"Malkia yuko kwa Wadie, Basha."

"Kwa Wadie? Wewe mzima? Hesabu! Nje wamebaki na karata nne kubwa tu: ree ya shupaza, mfalme wa uru, mfalme wa pao na huyo malkia. Firdaus amefungua mnada. Ukimpunguzia hata moja katika hizo nne, hakuwa na mzigo wa kufungulia mdomo! Zote nne ni zake. Hata mtoto anayejifunza angelijua hilo!"

"Basha, wewe una hesabu. Mimi nina hisia."

"Hisia zako ziweke mfukoni! Mtege Firdaus!"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu," alisema Bahgat, ambaye mama yake alikuwa chumba cha pili akikaanga sambusa, "kila kinachokosekana kiko kwa Wadie. Nimewahi kukuangusha?"

Kweli, hakuwahi. Bahgat akacheza kopa kwa madaha, akamtegea Wadie, kana kwamba malkia yuko kwake.

Wadie akatoa kopa ndogo. Bahgat akaweka mtego wake. Na kutoka upande wa Firdaus Hanim, taratibu, bila makeke, akatua malkia wa kopa.

Bahgat aliangalia simu hii, akaangalia ile. Kwenye hii malkia alikuwa mezani. Kwenye ile alikuwa bado kwa Wadie, anatabasamu. Mkataba ulivunjika, kombe likaenda kwa wenyewe, na kutoka kwenye simu ya tatu, ile ya kutakiana heri, kulisikika sauti ya kishikwambi kikigonga ukuta.

Kesho yake baada ya futari alipigiwa simu. Firdaus Hanim alikuwa akimwalika klabuni kwa kunafa, kile kitamu cha shira, na jina lake lilikuwa limeachwa kwa bawabu. Bahgat alipiga pasi shati mara mbili. Alivuka lango la mbele akiwa mgeni, bawabu akamwinamia, naye akamwinamia bawabu.

Firdaus Hanim alikuwa barazani, mwembamba, shali begani. Alimkatia kipande kikubwa cha kunafa.

"Kula, mwanangu. Na Bi Tulipu hajambo?"

"Nani, Hanim?"

"Usinisumbue, mimi mtu mzima. Marehemu mume wangu alijenga bwawa kule Aswan, nimefunga Ramadhani nyingi kulekule. Watu wa Aswan huadhiniwa magharibi mapema kuliko sisi. Sisi huku tukisubiri mzinga, wao wanakunywa chai. Sasa huyu Tulipu wako wa Aswan, juzi anafungua kwa tende papo hapo mzinga wetu unapolia! Nikajua ni mtu wa hapa hapa. Anasikia mzinga ninaousikia mimi."

"Wa hapa wako wengi, Hanim."

"Wengi, ndiyo. Lakini anayeona karata zote na kusifia upande mmoja lazima awe na faida na upande huo. Basi ni wewe au ni Tharwat. Tharwat nampenda, mjinga wa watu, lakini sikuweza kuapa kwa ajili yake. Nikamwambia mwamuzi awapangie watazamaji karata zetu kama zilivyo, ila tukipata mchezo wa kufaa, malkia amhamishie Wadie na kopa ndogo ya Wadie anipe mimi. Atakayeucheza ule uongo ndiye aliyeuona. Mwenye akili atamtafuta malkia kwangu. Mwenye simu mbili atamtafuta kwa Wadie." Alimpangusia shira begani kwa kitambaa. "Na Tharwat alikuwa akipiga kelele kwamba malkia yuko kwangu. Simu yenu ilisikika mpaka kwa jirani yake, ambaye ni Wadie."

Bahgat aliweka uma chini.

"Utanipeleka wapi, Hanim?"

"Kukupeleka? Nani kasema?" Aliangalia nyuma, akasogeza kiti karibu. "Baada ya Idi tunacheza na klabu ya Kairo. Wale washenzi wametufunga mara zote, na wanatusema kwamba sisi ni watu wa samaki. Nifundishe Tulipu."

"Hanim!"

"Si wizi. Ni heshima ya jiji."

Bahgat aliuchukua uma tena. Hili alilielewa, huyu alikuwa mtu wa kazi kama yeye. Akasema bei yake palepale: saini. Firdaus Hanim hakubishana. Aliagiza fomu iletwe, akaisaini kwa mwandiko mzuri mbele ya macho yake, akaiacha katikati ya meza karibu na kunafa, akatoa simu mpya mkobani.

Bahgat alimfundisha kila kitu. Namna ya kumkalisha Tulipu kando ya meza, namna ya kuangalia kioo cha pili bila kuchelewa kucheza, namna ya kukosea makusudi mara mojamoja ili watu wasishtuke.

"Hili la kukosea mbona wewe hukulifanya?" aliuliza Hanim.

"Nilikuwa napenda kusifiwa."

"Maskini. Na neno la siri hubadilishwaje?"

Akamwonyesha. Hanim alilibadilisha hapo hapo, akiwa ameikinga simu kwa shali, na Bi Tulipu akatoka mikononi mwa aliyemzaa.

"Na saini ya pili, Hanim?" Bahgat aliuliza akiikunja fomu. "Labda Wakili Wadie?"

"Wadie? Ndiye aliyetaka nikupeleke polisi. Lakini Tharwat si alikuahidi? Mfuate. Kwa mdomo wako huo, ukose saini moja?"

Bahgat alicheka. Kweli, Tharwat alikuwa kazi yake mwenyewe. Mtu aliyegeuzwa simba kwa neno moja mkahawani hawezi kumshinda. Alibusu mkono wa Firdaus Hanim, akashuka ngazi akiimba kimoyomoyo.

Alimkuta Mhandisi langoni, anatoka, koti begani. Bahgat alifungua mikono yake yote miwili.

"Simba wangu! Mwaka kesho ni wetu, wallahi. Nimeshapata saini ya Firdaus Hanim mwenyewe, imebaki yako tu."

Tharwat aliipokea fomu. Aliisoma kuanzia juu mpaka chini bila haraka, akaigeuza nyuma, akaisoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Bawabu wa glovu nyeupe alikuwa ameshafungua lango, anawasubiri.

"Imebaki moja tu?"

"Moja tu, Basha."

Mhandisi alimrudishia fomu kifuani kwa upole.

"Kamwombe Wadie," alisema. "Si wewe uliyeapa kwamba kila kinachokosekana kiko kwake?"