Karatasi ya Amani Namba Kumi na Mbili

Nalapa mbele ya Mungu na mbele ya stampu: yote haya ni kweli tupu, mi sikuongeza hata mustari mumoja.

Kapata yetu njo cité, mutaa wa bafanyakazi, ya kwanza mu Lualaba yote kumaliza makosa ya bakubwa juu ya batoto. Tuliyamaliza na karatasi. Mimi, karani wa zamani wa kampani, nilikuwa sekretere wa Komite ya Amani na Ulinzi wa Batoto. Prezida alikuwa tata Mukalay, zamani kapita, musimamizi wa bafanyakazi. Sheria ya inchi inasema mutu akiharibu mutoto, aende tribinali. Lakini tribinali iko na kelele mingi. Sisi tunaita bazazi, mwenye kosa anakubali, anasaini, analeta mbuzi. Jamaa banapewa mapaja. Komite inakula maini, juu ya uchovu wa kazi. Mutoto naye anapewa ruhusa ya kunyamaza.

Basi siku moja akaja mama Honorine, muuza makala ya kupikia. Mwalimu Stany alimuharibu binti yake Ndaya. Stany akakubali, akasaini. Mbuzi ilikuwa inje, nono sana.

Mama akasema hataki mbuzi.

"Batu bakijua," prezida akamuambia, "nani ataoa huyu mutoto?"

"Tata Mukalay, mutoto wangu eko mu sixième primaire, darasa la sita. Mi sikukuja kutafuta mukwe."

Kanuni yetu ilisema mwenye kukataa mbuzi apewe kopi na stampu, ili ajue vizuri kitu alikataa. Nikamuandikia moja safi. Akaikunja, akapanda taximoto, moja kwa moja ku tribinali.

Juma iliyofuata Stany alikuwa amefungwa buloko, na komite yote mbele ya mama juge Tshilombo ku tribinali. Alitusifu kwanza: hajapata kuona maungamo yenye kusainiwa, na bashaidi watano, na stampu juu. Nikashukuru. Akauliza kama tulizoea kazi hii.

"Ni mara ya kwanza, mama juge. Haki ya Mungu."

"Basi kwa nini hii ni namba kumi na mbili?"

Polisi wakanisindikiza kuleta kaye, daftari ya komite. Nikasoma kwa sauti majina ya bakubwa wote. Ku ukurasa wa ine nikakohoa. Juge akasema nimalize. Nikamaliza: Mukalay, prezida, mbuzi mbili.

Akavalishwa pingu palepale.

Mimi nilipewa mwaka mumoja wa buloko juu ya kuficha. Lakini kwanza, juge akaamuru, niandikie kila jamaa kopi. Asubui bamama kumi na mumoja wakapanga mustari mbele ya meza yangu. Wa kwanza akasoma yake polepole.

"Tata sekretere, jina la mukubwa liko. Rangi ya mbuzi iko. Jina la mutoto liko wapi?"

Nikafungua kaye, ukurasa kwa ukurasa. Halikuwa fasi yoyote.

"Falonne," mama akasema. "Andika."

Nikaandika.