Hondohondo Mwenye Mafua

Jumatatu, 3 Machi

Kikao asubuhi. Bimkubwa, mkuu wa mradi wetu wa kurudisha msitu, kaja na mambo mapya. Kupima urefu na unene wa miti hakutoshi tena. Kasema msitu unaorudi husikika kabla haujaonekana. Basi kila eneo litafungwa kinasa sauti, kisanduku kidogo cha kijani, na Ijumaa tutakaa kusikiliza nani ana ndege. Eneo litakalokuwa kimya litawekwa chini ya msimamizi wa lile linalosema.

Maeneo ni mawili. Bondeni ni langu. Kilimani ni la Shemeji, kaka wa mke wangu, mtu asiyetoka jasho hata akipanda mlima na gunia. Nyumbani tayari yeye ndiye mkata shauri, hadi kiti changu kikae wapi. Sasa na kazini pia? Bondeni nimeipanda mwenyewe, mche kwa mche, magoti yakiwa matopeni. Simpi mtu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima nimekaa Bondeni nikisikiliza. Chura mmoja. Naye mvivu.

Nikamwaga wali wa jana chini ya kinasa sauti ili ndege waje. Wakaja siafu. Siafu hawaimbi.

Njiani nikakutana na Shemeji. Kaniuliza kwa upole kama Bondeni kuna msiba, maana pamenyamaza sana. Nikacheka kwa sauti ili asijue imeniuma.

Mke wangu kashauri niwaache ndege waje kwa hiari yao. Kwao ni watu wa subira. Mimi nimeshapata wazo. Nilipomweleza akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ya Bondeni ni ndefu, tena ina matope.

Jumatano, 5 Machi

Utotoni hakuna aliyenishinda kuiga hondohondo. Ndege mkubwa, mdomo kama jembe, sauti ya punda aliyemeza tarumbeta. Wanasema zamani walijaa hapa, kabla msitu haujakatwa. Basi leo nimejifunga majani kichwani, nikachuchumaa chini ya kinasa sauti, nikalia. Dume na jike, wakigombana. Halafu ndege kurumbiza. Halafu njiwa. Njiwa nilimzidishia huzuni kidogo, lakini alipendeza.

Siafu wa jana walikuwa hawajaondoka. Yaliyonitoka mdomoni siyaandiki. Hapo hapo simu ikaita: mke wangu, anataka vitunguu. Nikamnong'oneza kwamba sasa hivi mimi ni hondohondo, tutaongea baadaye.

Sina wasiwasi. Mashine ya kisasa lazima inajua kuchukua ndege na kuacha mengine.

Alhamisi, 6 Machi

Nilirudi kuongeza chumvi. Nikalia, nikajibiwa kutoka ng'ambo ya kijito. Nikalia tena, nikajibiwa kwa nguvu zaidi. Nikajua tu: Shemeji! Kaniibia ujanja, na anautumia ndani ya eneo langu. Nikamtukana kwa kihondohondo, kisha kwa Kiswahili fasaha, nikavuka kijito na viatu vyangu kwenda kumkamata.

Hakuwa Shemeji. Alikuwa juu ya mkuyu, ule niliouleta ungali mche, nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Hondohondo wa kweli, mzima mzima. Kaniangalia kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akala makuyu, akanidondoshea mbegu kichwani, akaruka kupita juu ya kinasa sauti. Mabawa yalivuma mpaka nikayasikia tumboni.

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuwahi kuwa nayo tangu harusi yangu. Mti nilioupanda mimi umepata mgeni. Mke wangu nilipomsimulia kaacha chungu jikoni, akanikumbatia na majani yangu kichwani.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Ukumbi ulijaa. Mtaalamu wa ndege, dada mmoja mtaratibu, kaja na spika. Kilimani kwanza: shorwe, njiwa, upepo. Makofi. Shemeji akainamisha kichwa kama bwana harusi.

Kisha Bondeni. Hondohondo kalia, watu wakatazamana. Mtaalamu akasikiliza kidogo, akasema huyu ana mafua. Punde hondohondo mwenye mafua akaumwa na siafu, akawatukania mama zao, akapokea simu. Watu waliteleza kutoka kwenye viti. Bimkubwa alivua miwani akafuta machozi. Nilitafuta pa kujificha nisipaone. Shemeji akainuka kuuliza akabidhiwe Bondeni lini.

Mtaalamu akamwomba akae. Ikaja sauti ya Alhamisi: mimi, kisha yule mwingine, kisha mimi nikimpasha Shemeji na ukoo wake, ambao ni wakwe zangu, kisha mabawa. Mtaalamu akasimamisha spika. Kasema yule wa pili ni wa kweli, na tangu msitu ukatwe hajasikika hapa. Kafuata makuyu. Ila pia ndege huyo kasikia dume mgonjwa, yaani mimi, akaona hatapata shida kumnyang'anya eneo.

Tulirudia kusikiliza yale mabawa. Mpishi wa ofisi akaomba tena. Bimkubwa kaamua: Bondeni imejisemea yenyewe, inabaki yangu. Lakini nikiingia humo, marufuku kufungua mdomo.

Shemeji kaja kunipa mkono. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anasema anatumaini nimepata funzo. Nimepata. Nina kipaji. Hondohondo mwenyewe kaniamini, nani mwingine wa kupinga?

Na kuna habari njema. Bimkubwa kasema mwezi ujao zitafungwa kamera mitini, zipige picha za wanyama waliorudi. Kamera haina masikio. Nimetoa blanketi la kahawia kabatini, na leo nimezunguka uani kwa miguu minne kujaribu. Mke wangu kasimama mlangoni, kacheka mpaka akashika ukuta. Kauliza tangu lini paa akawa na kitambi.

Nimemwambia huyu ana mimba.