Kwaya ya Wanawake Ije Ibebe Wageni wa Farasi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mnada wa Mavuno,
Usharika wa Mlima Neema,
Ilula.

Mzee Jofrey,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Shedrack, mtunza farasi wa shamba la Bwana Rabson, yule anayekaa benchi la nyuma karibu na spika mbovu. Sijawahi kulalamika kanisani, hata mlipoisogeza ibada ya kwanza mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na baridi hii yetu. Leo nimefika mahali pa kuandika. Lalamiko langu ni kuhusu ndoo.

1. Farasi wetu wa kubeba wageni anaitwa Jenerali. Ukwato wake wa mbele umepasuka na manyoya yamefifia kama blanketi la bwenini. Bwana Rabson alimwagizia virutubisho kutoka mbali, unga wa kuchanganya kwenye pumba: una soya, alizeti, molasi, madini na vitamini za kwato. Mfuko ulichanika njiani. Nikaumimina wote, na kijiko chake cha kupimia, kwenye ndoo ya rangi, nikaiweka nyumbani, maana panya wa bandani hawana adabu. Niliiweka karibu na mlango. Nakumbuka vizuri sana.

2. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mke wangu Benedicta, akijua mkono mtupu haulambwi, akachukua ndoo ya karibu na mlango akidhani ni unga wetu wa lishe, akaipeleka madhabahuni. Simlaumu, ndoo zote mbili ni nyeupe. Nailaumu kamati. Dalali wetu hata boga huligonga na kulizungusha kabla ya kulinadi, lakini ndoo yangu haikufunuliwa kifuniko.

3. Ilinunuliwa na Mama Anjela, mwenyekiti wa Kwaya ya Wanawake, na tangu mwezi wa saba kwaya inakunywa uji wa farasi kila baada ya mazoezi. Matokeo kila mtu anayaona. Nywele zinang'aa. Kucha zimekuwa ngumu hata Mama Sekela anafungulia soda. Mbaya zaidi, walisimama mbele ya usharika wakashuhudia kwamba ni Bwana amewatendea, na sisi tukapiga makofi. Mimi nilipiga kidogo.

4. Jenerali hajaonja hata kijiko. Bwana Rabson akiuliza, namwambia anaendelea. Mwisho wa mwezi huu, ukwato usipofunga, farasi atauzwa Chimala akavute mkokoteni wa mpunga. Mzee, nimelala naye bandani alipoumwa tumbo. Ananijua kwa hatua zangu. Akiondoka nitalia, na sioni aibu kuliandika hilo.

5. Muda wote huu nimevumilia, nikinywa uji wa lishe wa mke wangu kila asubuhi. Kwa kweli mwaka huu uji huo umekuwa mtamu hata bila sukari. Magaga ya visigino yamefunga, na upara wangu mnaoujua umeanza kuota nywele. Mke mwema hutoka kwa Bwana. Lakini shibe yangu haimsaidii farasi.

Kwa hiyo naomba haki. Ndoo siidai, imeshaliwa. Ila nguvu ile ilikusudiwa kubeba wageni, na sasa imo ndani ya kwaya. Naomba basi kwaya ije shambani kila Jumamosi kwa zamu, sauti ya kwanza asubuhi na sauti ya pili mchana, iwabebe wageni wa Bwana Rabson hadi mtoni na kuwarudisha, mpaka Jenerali apone. Tandiko lipo. Aliyekula ndiye abebe, na sidhani kama Maandiko yanapinga.

Nisalimie Mchungaji, Mama Mchungaji, mwinjilisti, wazee wote wa kanisa, na Mama Anjela, ambaye binafsi sina neno naye.

Ndimi mshirika mwenzenu, kanisani na bandani,
Shedrack

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Asubuhi hii Benedicta amekwangua ndoo yetu ya lishe, na chini kabisa amekuta kijiko cha kupimia chenye picha ya farasi. Kwaya walikunywa lishe. Ushuhuda wao ubaki kama ulivyo. Unga uliobaki, viganja viwili, nimempelekea Jenerali. Ameulamba wote, kisha akanilamba kichwa. Naomba kwaya isije. Jumamosi wageni nitawabeba mimi.