Nani Ameshika Kipaza Sauti

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu, salamu nyingi katika Bwana. Hujambo? Kile kikohozi kimepungua? Mimi mzima, ila mgongo tu, kwa sababu ya cherehani. Umesema kila mwanafunzi wa darasa la jioni aandike shajara, nawe utaisoma. Basi nakupa siri yangu, ibaki hapa hapa.

Somo la leo limeniingia hadi kwenye mifupa. Ulisema ukiitazama dini, uliza: nani anasema, nani amenyamazishwa, nani anafaidika. Papo hapo nikamwona shemeji yangu, fundi saa. Miaka kumi na moja ndiye anayesoma Neno kanisani. Mimi naachiwa matangazo. Na Jumapili wanakuja wakwe watarajiwa wa binti yangu kututazama. Wanikute natangaza mwavuli uliopotea?

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea mchungaji kurasa nne: "Mamlaka na Kipaza Sauti." Nimewatetea walionyamazishwa. Jina langu sikulitaja, unyenyekevu ni jambo jema. Nilipokuwa nikiandika, mke wangu aliuliza hao walionyamazishwa ni akina nani. Nikamwambia anyamaze kidogo, naandika.

Ijumaa, 7 Machi

Mchungaji amefurahi kupita kiasi. Ameita wazee. Kasema kabla ya kubadili lolote tupime nani anasema zaidi, rekodi za ibada za mwezi mzima zipo. Apime nani? Fundi saa, si ndiye mwenye saa. Nimeafiki kwa mikono miwili. Ajiumbue mwenyewe! Kwa furaha nimeshona mfuko wa suruali ya mteja kwa nje.

Jumamosi, 8 Machi

Matokeo. Shemeji: dakika kumi na mbili kwa mwezi. Mchungaji: saa mbili. Mimi na matangazo yangu: saa tatu kasoro dakika tano.

Nikasema namba hazina roho. Shemeji akanijibu kwamba hata mazishi yangu nitayatangaza mwenyewe. Wazee wakacheka, mmoja meno ya bandia yakamtoka. Uamuzi: mimi nipumzishwe, na kesho Neno asome mtu ambaye hajawahi kusikika. Mke wangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa nyuma, karibu na mlango. Mke wangu akapanda. Nilidhani atatetemeka. Akasoma taratibu, kama anamsimulia jirani jikoni, na kanisa zima likatulia, hata watoto. Miaka ishirini na sita naishi naye, sikujua ana sauti ile. Nikajikuta nafuta macho.

Baada ya ibada wakwe wakamzunguka. Wakasema nyumba yenye mama kama huyu haihitaji kuchunguzwa, posa wanaileta wiki hii hii. Kisha baba wa kijana akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye bawabu.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu, sasa somo nimelielewa barabara. Jana mke wangu alisema dakika nne, mchungaji nusu saa, mimi sifuri. Kwa hiyo aliyenyamazishwa ni mimi, na nadharia yako iko upande wangu. Nimeshaandika kurasa tisa. Alhamisi nitawasomea wazee mwenyewe, ni kama saa moja na nusu tu, bila utangulizi. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Alhamisi, uniambie kama niongeze.